Usahihi Ukae Ndani ya Uzi

Mtafiti akitangaza kwamba ametengeneza kifaa cha mikrofluidiki kwa gharama ndogo, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: gharama ya kifaa cha ngapi? Cha kwanza, alichokiunganisha mwenyewe mezani, au cha milioni moja, kitakachotoka kiwandani usiku wa manane mikononi mwa mtu asiyemjua? Bei hizo mbili hazikaribiani. Fani hii imetumia zaidi ya miaka 30 kushusha bei ya kifaa cha kwanza, na imefaulu sana. Bei ya kile cha milioni imeguswa kidogo tu. Ndiyo maana nazitazama nyuzi za polima, yaani vitu vyenye molekuli ndefu kama nailoni, poliesta na hariri, kwa matumaini nisiyokuwa nayo kwa mbinu nyingine nyingi, na ndiyo maana pia nakereka zinaponadiwa kwa sababu isiyo yake.

Mikrofluidiki ni ufundi wa kuongoza vimiminika ndani ya mifereji yenye upana wa makumi hadi mamia ya mikromita, yaani unene wa unywele au mara chache zaidi ya huo. Mfereji wenye upana na kina cha mikromita 100 na urefu wa sentimita 1 hubeba mikrolita 0.1 tu. Tone la damu la mikrolita 50 lingejaza mifereji 500 ya namna hiyo. Lakini faida si kubana matumizi ya damu na vitendanishi (kemikali za kupimia) peke yake. Katika nafasi finyu kiasi hicho kimiminika hakivurugiki: mikondo miwili hupita ubavu kwa ubavu, na kinachoichanganya ni msambao wa molekuli zenyewe. Molekuli ndogo iliyomo majini husambaa mikromita 100 kwa takriban sekunde 5. Sentimita 1 ingeichukua karibu saa 14. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuza kipimo cha kutwa nzima kuwa kipimo cha dakika chache.

Kazi hii ilianzia kwenye silikoni na kioo. Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kifaa cha kuchambua gesi kilichochongwa juu ya kisahani cha silikoni. Mwaka 1990 Andreas Manz na wenzake wakapendekeza kwamba hatua zote za uchambuzi wa kimaabara zikusanywe ndani ya kifaa kimoja kidogo. Uchongaji wenyewe ulidai mitambo ya viwanda vya elektroniki, asidi kali na vyumba visivyoingia vumbi. Kisha, mwaka 1998, kundi la George Whitesides huko Harvard likaeleza namna ya kumimina PDMS, aina ya mpira laini na angavu, juu ya kalibu yenye michoro ya mifereji, kuuacha ugande, kuubandua na kuubandika kwenye kioo. Mchoro wa leo ukawa kifaa cha kesho. Maabara za vyuo vikuu zikahamia huko kwa wingi.

PDMS inastahili shukrani zote ilizopewa, ila ni nyenzo ya maabara. Kila kipande humiminwa chake, huoka kwa saa kadhaa, hutobolewa matundu kwa mkono ili mirija iingie, kisha hubandikwa kimoja kimoja. Kalibu yenyewe bado inatoka kwenye chumba kisicho na vumbi. Juu ya hayo, mpira huo hunyonya molekuli ndogo zenye asili ya mafuta. Unayepima dawa unaweza kukuta sehemu ya dawa imeishia ukutani mwa mfereji. Njia mbadala ya kiwandani ni kusindilia plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma. Hiyo hutoa vipande kwa maelfu, lakini kalibu ya chuma inalipiwa fedha nyingi kabla kipande cha kwanza hakijatoka, na kila badiliko la mchoro ni kalibu mpya. Kati ya njia hizi mbili kuna pengo, na vifaa vingi vilivyofanya kazi vizuri kwenye makala za kisayansi vimezikwa humo.

Nyuzi zinaingia kwenye pengo hilo. Shida ni kwamba chini ya jina moja la nyuzi kuna mambo matatu yasiyofanana, na mjadala huyachanganya.

Jambo la kwanza ni uzi kama kalibu. Unavuta mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki ukanyooka, unaumiminia PDMS, unasubiri igande, kisha unauchomoa. Unabaki na mfereji wa mviringo, umbo linalokaribia mshipa wa damu kuliko mifereji ya pembe nne ya kalibu za kawaida. Wengine hawachomoi, wanayeyusha: Saggiomo na Velders wa Wageningen, mwaka 2015, walichapa umbo la plastiki ya ABS, wakalizungushia PDMS, kisha wakaliyeyusha kwa asetoni, na wakapata mifereji inayojizungusha kwa namna ambayo hakuna mshipi ungeweza kuchomolewa. Mtafiti Leon Bellan alitumia nyuzi za sukari iliyosokotwa, na baadaye, mwaka 2016, nyuzi za polima inayobaki imara kwenye joto na kuyeyuka majini ikipoa chini ya nyuzijoto 32 hivi, ili kuacha mtandao wa vijia ndani ya jeli yenye seli hai. Kwa wanaokuza tishu, kazi hii ni ya thamani kubwa. Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi waone mtiririko kwa macho yao, mshipi wa nailoni ni zawadi. Ila bado ni umiminaji wa kimoja kimoja, na kwa swali langu la kifaa cha milioni haujibu kitu.

Jambo la pili lina utajiri zaidi: uzi wenyewe kuwa mfereji. Mwaka 2010 makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia na jingine la Harvard, yalichapisha wazo hilo kila moja kwa njia yake. Uzi uliosokotwa una nafasi nyembamba kati ya nyuzinyuzi zake, na nafasi hizo huvuta kimiminika kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Pampu haihitajiki, umeme hauhitajiki. Mwaka uliofuata kundi la David Juncker huko McGill likaonyesha kwamba hata fundo lina kazi: kwa kufunga nyuzi pamoja kwa mafundo ya aina tofauti, mikondo inaweza kuunganishwa, kugawanywa na kuchanganywa. Ujuzi wa kufunga fundo ni wa kale kuliko maabara yoyote, na hapa unafanya kazi ya vali na kichanganyishi.

Mfano unaonishawishi kuliko mingine yote ni wa makundi ya damu, uliotoka Monash mwaka 2011. Kingamwili hukaushwa kwenye uzi. Damu ikidondoshwa na seli zake nyekundu zikiwa na alama inayotambuliwa na kingamwili hiyo, seli hushikamana mabonge, mabonge hukwama kati ya nyuzinyuzi, na sehemu ya maji ya damu huendelea mbele peke yake. Alama isipokuwepo, wekundu wote husafiri pamoja. Uzi umefanya mambo matatu kwa wakati mmoja: umesafirisha, umechuja, na umeandika jibu. Katika chipu ya kawaida, yaani kipande kimoja cha kioo au plastiki chenye mifereji yote, kila moja ya kazi hizo ingekuwa na sehemu yake, na kila sehemu ingekuwa na namna yake ya kuharibika.

Hapo ndipo furaha inapopaswa kupunguza mwendo. Uzi wa dukani haukutengenezwa kwa ajili ya damu. Pamba ghafi ina nta ya asili inayokataa maji, na lazima ichemshwe na magadi au itibiwe kwa njia nyingine kabla haijakubali kulowa. Nyuzi za poliesta na nailoni hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa mafuta ya kulainisha, ili zisisuguane na zisijae umeme tuli mashineni; mafuta hayo hubadilisha kabisa namna uzi unavyolowa, na asiyeyaosha anapima mafuta ya kiwanda bila kujua. Msokoto ukikazwa, nafasi za ndani hupungua na mwendo hubadilika. Uzi ulio wazi hupoteza maji hewani njiani, kwa hiyo kipimo kilekile hutoa mwendo mmoja siku ya ukavu na mwendo mwingine siku ya unyevu. Damu nayo si moja: yenye seli nyingi ni nzito na hutembea polepole kuliko ya mtu mwenye upungufu.

Na mwendo wenyewe una sheria yake, iliyoandikwa na Washburn mwaka 1921: umbali haukui sambamba na muda, hukua sambamba na kipeuo cha pili cha muda. Kimiminika kikitumia sekunde 5 kufika sentimita 1, kitahitaji sekunde 80 kufika sentimita 4. Mbunifu anayeongeza urefu wa uzi ili apate nafasi ya kipimo kimoja zaidi anaweza kujikuta ameongeza dakika, na kila dakika ya ziada ni uvukizi zaidi. Katika sheria hiyohiyo, ukubwa wa nafasi za ndani unaamua kasi. Sasa nafasi za ndani za uzi uliosokotwa ni bahati ya namna nyuzinyuzi zilivyolaliana. Huwezi kumwahidi daktari jibu lenye tarakimu ikiwa ukubwa wa mfereji wako ni bahati.

Ndiyo sababu naona polima iliyobuniwa kwa kazi hii inashinda uzi wowote wa kushonea. Katika Chuo Kikuu cha Clemson, kundi la R. Kenneth Marcus limefanya kazi kwa miaka mingi na nyuzinyuzi za polipropilini, poliesta na nailoni ambazo ubavuni mwake zina mifereji minane inayokwenda urefu wote. Umbo hilo linatokana na sahani ya matundu ambayo polima iliyoyeyuka husukumwa kupita, palepale uzi unapozaliwa. Kimiminika kinafuata mfereji uliochorwa. Zikipangwa pamoja ndani ya mrija, nyuzinyuzi hizo hutenganisha protini haraka, kwa sababu protini hukaa juu ya uso wake bila kupotelea ndani ya vitundu, na shinikizo linalohitajika kuzipitishia kimiminika ni dogo. Wamezitumia pia kukusanya vifuko vidogo sana ambavyo seli hutoa ndani ya damu na mkojo. Tabia ambayo wengi huiona kasoro, yaani uso wa plastiki kung'ang'aniwa na protini, hapa inakuwa mtaji: kingamwili hujishikiza yenyewe kwa kulowekwa, kama inavyofanyika tangu zamani kwenye visahani vya plastiki vya maabara, kisha sehemu zilizobaki wazi hufunikwa kwa albumini ili zisishike kitu kingine.

Jambo la tatu ni uzi wenye mifereji iliyofungwa ndani yake, na halitegemei kulowa hata kidogo. Mche mnene wa plastiki hutobolewa mashimo ya umbo linalotakiwa, hupashwa joto kwenye tanuri hadi ulainike, kisha huvutwa taratibu ukawa uzi mwembamba wenye mashimo yaleyale yaliyopungua ukubwa. Viwanda vya nyuzi za kioo za mawasiliano vimefanya hivyo kwa miongo mingi. Mwaka 2018 Rodger Yuan, Joel Voldman, Yoel Fink na wenzao wa MIT walichapisha nyuzi za namna hii zenye mifereji ya maumbo ambayo uchongaji wa kawaida hauyapati kwa urahisi, pamoja na njia za kupitisha umeme ubavuni mwa mfereji, na wakatenganisha seli hai na zilizokufa ndani yake.

Fikiria hesabu yake. Mche wenye kipenyo cha milimita 25 ukivutwa hadi nusu milimita, kila kipimo cha upana kimegawanywa kwa 50, na urefu umezidishwa kwa 2,500. Sentimita 30 za mche zinakuwa mita 750 za uzi. Shimo la milimita 5 linakuwa mfereji wa mikromita 100. Muhimu zaidi, kosa nalo hupungua kwa kiwango kilekile: fundi aliyekosea kwa sehemu 5 za mia za milimita kwenye shimo lile ataona kosa la mikromita 1 kwenye uzi. Mashine ya kuchonga ya karakana ya kawaida inaweza kufikia hapo. Huu ndio uzito wote wa hoja yangu. Usahihi wa mikromita umepatikana bila chumba kisicho na vumbi, umefungiwa ndani ya uzi, na atakayeunganisha kifaa baadaye hahitaji kuwa nao mkononi mwake.

Si jambo dogo, kwa sababu mfereji uliofungwa hausamehe. Mtiririko unaosukumwa kwa shinikizo hutegemea kipeo cha nne cha kipenyo. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, mtiririko huongezeka kwa takriban asilimia 46. Kikipungua kwa asilimia 10, hupungua kwa zaidi ya theluthi. Kuukabidhi usahihi huo kwa mtu anayebandika vipande kwa mkono ni kumtwika mzigo usio wake. Mtambo wa kuvuta uzi unaweza kuubeba: kipenyo hupimwa kwa mwanga wakati uzi unapita, na kasi ya kuvuta hurekebishwa papo hapo.

Sasa turudi kwenye bei, kwani hapa ndipo matangazo yanapopotosha. Chukua uzi wa poliesta wenye uzito wa gramu 30 kwa kilomita. Kipande cha sentimita 10 kina miligramu 3. Kilo moja inatoa vipande zaidi ya 330,000. Maana yake ni kwamba bei ya uzi katika kipimo kimoja ni sawa na hakuna, na ingekuwa hivyo hata uzi ungekuwa ghali mara kumi. Makala inayojivunia kwamba malighafi yake ni ya senti chache imeokoa pesa mahali ambapo pesa hazikuwepo. Gharama iko kwenye kingamwili, kwenye ukaushaji, kwenye pakiti inayozuia unyevu, kwenye ukaguzi wa kila toleo, na kwenye ushahidi wa kitabibu unaoonyesha kwamba jibu la kifaa ni la kweli. Iko pia kwenye vitu vinavyoachwa nje ya picha: pampu inayosukuma, kamera inayosoma, kompyuta inayotafsiri. Vigezo ambavyo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walivikusanya mwanzoni mwa miaka ya 2000, vinavyojulikana kwa ufupisho wa ASSURED, vinataka kipimo kiwe nafuu, kiguse ugonjwa bila kuukosa, kisimsingizie mzima, kiwe rahisi, cha haraka na imara, kisihitaji mitambo, na kimfikie anayekihitaji. Unafuu ni kimoja tu kati ya hivyo. Uzi wenye mifereji ya ndani, kwa uzuri wake wote, bado unaanguka kwenye sharti la mitambo mpaka mtu autafutie njia nyepesi ya kusukuma.

Ni wapi basi uzi unapunguza gharama kweli? Kwenye ukaguzi. Katika chipu moja yenye vipimo 5, ikiwa kila kipimo hutoka kizuri mara 98 kati ya 100, chipu nzima itakuwa nzuri mara 90 tu. Moja kati ya kumi inatupwa au, vibaya zaidi, inauzwa. Uzi unaruhusu jambo jingine. Kila kipimo kina gurudumu lake la uzi, uzi huo hupita kwenye bafu la kingamwili, kisha kikaushio, kisha mbele ya kamera, kisha hujiviringisha tena, na mita mbovu hukatwa kabla ya kukutana na nyingine. Vipimo 5 vinaunganishwa mwishoni, vyote vikiwa vimekaguliwa. Kampuni ya Achira Labs ya Bangalore, India, ilionyesha mwaka 2011 kwamba hata ufumaji unaweza kuwa hatua hiyo ya mwisho: nyuzi za hariri zilizokwisha kupakwa vitendanishi zilifumwa kwenye kitambaa kwa mtambo wa mkono, vipimo vikawa sehemu ya mtande na mshindio. Hariri ni polima ya asili na mfumaji ni fundi aliyekuwepo tayari. Hakuna aliyelazimika kujenga kiwanda cha aina mpya ulimwenguni, na dunia ambayo tayari inazalisha zaidi ya tani milioni 50 za poliesta kwa mwaka haikosi mitambo wala watu wanaoijua.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Kiwanda cha nguo hakikuzoea nidhamu ya vifaa vya tiba, ile inayowekwa na kiwango cha ISO 13485, ambapo kila badiliko la mafuta ya kulainisha au la msambazaji wa polima lazima liandikwe na kuhalalishwa. Pingamizi hilo ni la kweli, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili fedha za utafiti kuliko onyesho jingine la rangi ikipanda kwenye uzi. Mchango mkubwa unaofuata katika eneo hili huenda ukatoka kwa mhandisi wa nyuzi aliyekaa meza moja na mwanakemia wa damu, wakikubaliana ni mafuta gani yasipakwe kabisa.

Kwa hiyo, nikisoma kazi mpya ya vifaa vya nyuzi, natafuta vitu vichache. Kasi ya mtiririko ilitofautianaje kati ya mwanzo wa gurudumu na mwisho wake, kilomita moja baadaye? Uzi wenye kingamwili ulifanyaje baada ya miezi 6 kwenye nyuzijoto 40 na unyevu wa asilimia 75? Nani aliunganisha vifaa, mwandishi mwenyewe au mtu aliyeonyeshwa mara moja? Majibu yakitofautiana, yalitofautiana kwa sababu ya uzi au kwa sababu ya damu? Kazi inayojibu haya, hata kama kifaa chake kinapima kitu kimoja tu, ina faida kuliko inayopima vitu kumi siku moja kwenye meza moja.

Na kama fedha zingetosha kipimo kimoja cha kupelekwa hadi mwisho wa njia hiyo, ningechagua makundi ya damu kwenye uzi wa poliesta wenye mifereji ya ubavuni. Hakihitaji pampu. Jibu lake husomwa kwa macho. Kila kosa lake linaweza kunaswa siku hiyohiyo kwa upimaji wa kawaida wa maabara, kabla mgonjwa hajawekewa damu, na kila kosa lililonaswa linaweza kufuatiliwa hadi kwenye mita ya uzi lilikotoka.